Mama Punguza Ageuza Mgongo

Mtungi wa oksijeni walioazimwa zahanati ulikuwa na mshale, na mshale ulikuwa unateremka. Muuguzi aliwaambia wazi kwamba utawafikisha saa kumi na moja jioni, wakibahatika na robo. Mashine ya nyumbani, ile inayovuta hewa na kuichuja, ilikufa asubuhi ikinuka waya ulioungua. Hospitalini wodi zilijaa mpaka kwenye korido. Basi saa nane mchana Mama Punguza, fundi cherehani, alikaa kando ya kitanda cha kaka yake, simu mkononi, kutafuta mashine nyingine.

Jina hilo hakupewa bure. Wauza vitambaa sokoni wakimwona kwa mbali walipandisha bei mapema ili wapate pa kushukia. Silaha yake ilikuwa moja tu. Akitajiwa bei anacheka, anataja nusu, na wakikataa anageuza mgongo. Hatua ya tano au ya sita, sauti humfuata: mama, rudi basi tusikilizane. Kwa miaka ishirini hakuwahi kufika hatua ya kumi.

Binti yake alikuwa amemwekea wakala kwenye simu. Si mtu, ni programu inayokununulia vitu. Huingia kwenye kitafutio cha maduka, huona nani ana nini, kisha hupatana bei na wakala wa duka, ambaye naye ni programu. Mama Punguza alimfundisha wakala wake kama anavyofundisha wanagenzi wake wa kushona, kwa maneno machache: taja nusu, usionyeshe shida, wakikataa ondoka, watakuita.

Kitafutio kilileta maduka manne. Matatu yangeweza kuleta mashine kesho kutwa. Moja, upande wa pili wa mji, lilikuwa nayo leo. Imebaki moja.

"Mama, lipa tu," binti akasema.

"Lipa tu ndiyo iliyowafilisi watu. Ukimwonyesha muuzaji shida yako, mwanangu, umempa kisu na shingo."

Wakala akataja nusu. Wakala wa duka akapunguza kidogo sana, hata nauli haikutimia. Wakala wa Mama Punguza akakataa, akaaga, akaondoka kama alivyofundishwa. Duka likajibu: asante kwa muda wako, karibu tena.

Mama Punguza akaanza kuhesabu hatua moyoni. Ya tano. Ya sita. Akatazama simu. Ya tisa, ya kumi, ya kumi na tano. Hakuna aliyeita. Muuzaji wa sokoni humsindikiza mteja kwa macho, na kila hatua yake humchoma. Huyu hakuwa na macho, na huenda dakika ileile alikuwa akizungumza na wengine arobaini.

Binti akafungua ukurasa upya. Uso wake ukabadilika kabla hajasema. Mashine imeshikiliwa na mteja mwingine, aliyepewa saa nzima ya kulipa.

Kaka yake alifungua macho juu ya mrija wa puani. "Vipi, wamekuita?"

"Bado."

Akayafumba tena. Alizijua bado za dada yake.

Mama Punguza akaingia chumba cha kushonea, akapiga magoti katikati ya vipande vya vitambaa. Tangu saa nane alikuwa anamwomba Mungu bei ishuke, na sasa ombi lile lilimwaibisha. Lakini aombe nini? Kwamba yule mwingine akose pesa? Yule hakuwa ananunua pambo la sebuleni. Katika nyumba fulani kulikuwa na kifua kingine kinachopanda na kushuka, na mtu mwingine anayetazama mshale. Kila ombi alilolianza aliliacha katikati. Akabaki amepiga magoti, akisikia kupitia ukutani maji ya kichupa kilichofungwa kwenye mtungi yakitoa mapovu.

Aliposimama alitafuta namba ya duka. Ilikuwa imeandikwa chini kabisa, herufi ndogo kama mchanga. Binti alisema siku hizi hakuna anayepiga simu dukani. Akapiga. Mwanamume akapokea, sauti ya mtu aliyeshtuliwa kazini.

"Ndugu yangu, nina mgonjwa," Mama Punguza akasema. "Ni kaka yangu. Hewa inaisha saa kumi na moja. Mashine yako nilikuwa nayo mkononi, nikaiachia kwa ujanja wangu."

Mwenye duka akasema hawezi kumnyang'anya aliyeishikilia.

"Sikuombi umnyang'anye. Naye labda ana wake."

"Sijui. Hawaniambii. Wanataja bei tu." Akaongeza: "Ipo hii ya mezani, ya kuonyeshea wateja. Imekwaruzika, haina sanduku. Sikuiingiza kwenye kitafutio kwa sababu hiyo."

"Inafanya kazi?"

"Imewaka tangu asubuhi. Lakini siwezi kushuka, mama. Bei ni ya mpya."

Ulimi wa Mama Punguza ulijikunja kwa mazoea, tayari kutaja nusu. Akauuma.

"Binti yangu anakuja na pikipiki. Usimpe mtu."

Binti aliondoka saa tisa na nusu. Saa kumi simu ilitetemeka kwa taarifa ya kitafutio: yule mteja mwingine amelipa. Mama Punguza akasema "Amina", na neno lenyewe likamshangaza. Saa kumi na moja kasoro robo mshale uliingia kwenye rangi nyekundu. Akapunguza hewa kidogo, kama muuguzi alivyomwelekeza, akaiona midomo ya kaka yake ikiiva rangi ya wino. Alimshika mkono, akapumua naye, pumzi kwa pumzi, mpaka akawa anasikia kizunguzungu yeye mwenyewe.

Saa kumi na moja na dakika nane pikipiki ilizimwa mlangoni.

Mashine ililia mlio mmoja mrefu, ikatulia, ikaanza kunguruma. Mama Punguza akahamisha mrija. Dakika kumi zilipita kabla midomo haijaanza kurudia rangi yake, taratibu, kuanzia katikati.

"Bei gani?" kaka yake akauliza.

Akamtajia. Mgonjwa akaitazama mashine, mikwaruzo yake, kona yake iliyobonyea.

"Umepigwa."

"Nimepigwa," akasema Mama Punguza, akimkazia mrija sikioni. "Lala."

Kaka yake akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kile kilikuwa na hewa ya kutosha.