Maiti wa Filamu ya Msanzi

Saa kumi kasoro robo Silvana alifunga genge lake la maharage, akajitanda blanketi, akaenda kwenye kibanda cha video cha Bashiri, nyuma ya stendi ya Sumbawanga. Bashiri alishamwekea kiti cha mbele.

Mwanawe Tadei alikuwa msemaji wa wanafunzi chuoni. Likizo aliigiza filamu, na katika ile iliyopigwa Msanzi alikuwa maiti. Kosa ni la wanakijiji. Waliambiwa walie kidogo tu, kamera ipate picha. Wao wakalia siku tatu, wakalala chini, wakaanua matanga kabisa. Jamani, watu wa Msanzi hawajui kulia nusunusu! Silvana mwenyewe alipiga mayowe hadi sauti ikamkauka, huku mwanawe akitoka jenezani kila mara kunywa chai.

Miezi miwili baadaye Tadei alisimama chuoni kuwatetea wenzake waliofukuzwa. Jioni ileile watu wanne walimtia kwenye gari lisilo na namba.

Tangu hapo maiti wa filamu ile, iliyoonyeshwa kila siku kwa Bashiri, akaanza kubadilika. Jumatatu alikuwa amevimba jicho. Jumatano mikono ilikuwa imefungwa kamba. Ijumaa kucha mbili hazikuwepo. Wateja waliona, wakasema, "Maskini, wanamtesa," wakaendelea kutafuna karanga.

Silvana alimleta askari wa zamu. Askari alitazama mpaka mwisho, kofia mapajani.

"Mama yangu, mwenye macho haambiwi tazama. Huyu amekufa, amezikwa, matanga yameanuliwa. Na anayelia pale si wewe?"

"Ni mimi, baba."

"Sasa nifungueje faili la mtu aliyepotea, na ulishamzika?"

Silvana aliumia. Alijuta kila chozi alilomwaga Msanzi.

Leo maiti alikuwa anatetemeka. Silvana alisimama, akamnyooshea blanketi. Tadei akalipokea, akajifunika hadi kidevuni. Wabebaji wa jeneza wakaja na nyundo.

"Bashiri, zima."

"Imebaki robo saa, mama."

"Zima kabla hawajapigilia misumari."

Bashiri akazima, kama jana na juzi. Wateja wakatoka bila kunung'unika.

Akirudi nyumbani, Silvana alipitia kituoni. Faili lilikuwa bado halijafunguliwa.

"Blanketi lako liko wapi leo, mama?" askari aliuliza.

"Analo Tadei."

"Afadhali. Baridi ya leo si mchezo," askari akasema, akafunga dirisha.