Anageuka Kama Kabati

Marubani wenzake walimwita Msumari, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na mama yake. Alilipata ujanani, siku mwalimu wake wa ndege za kivita alipomtazama akipaa wima bila kuyumba, akasema, "Huyu kapigiliwa angani." Tangu hapo alitembea kama jina lake: mgongo umenyooka, kidevu juu, shingo imesimama. Waliomwona akikatiza uwanja na kofia yake kwapani walidhani ni maringo. Zamani yalikuwa maringo kweli. Siku hizi shingo ilisimama kwa sababu haikuwa na namna nyingine.

Haikugeuka kushoto. Kulia ilikwenda, kwa kulalamika kidogo. Kushoto ilianza safari ikakwama njiani, na akiilazimisha, moto ulishuka kutoka kisogoni, ukapita begani, ukaishia kwenye kidole gumba ambacho sasa kilikuwa na ganzi kutwa nzima.

Watu wa chini hudhani rubani amekaa tu, ndege ndiyo inayofanya kazi. Laiti wangejua! Ndege ile ikikata kona kali, kila kitu mwilini huwa kizito mara nyingi kupita kawaida. Mkono hauinuki. Mashavu yanaburutwa chini. Damu inakimbilia miguuni, macho yanaona kijivu, na suruali maalumu inajaa hewa na kukubana mapaja ili damu isikuhame yote. Unakaza tumbo na kuvuta pumzi fupifupi kama mtu anayesukuma gari bovu mlimani. Kichwa chako pamoja na kofia kinakuwa mfuko wa saruji uliowekwa juu ya shingo ya binadamu. Na ni wakati huohuo, mfuko ukiwa kichwani, unapotakiwa kugeuka utazame nyuma, maana adui hatokei mbele akabisha hodi. Fanya hivyo mwaka baada ya mwaka, uone pingili za shingo zitakavyosagana.

Kikosini hakuna aliyesema. Daktari wa kikosi alikuwa mtu mpole, lakini sentensi yake moja ilitosha kumshusha rubani chini maisha yake yote, kwa hiyo walimkimbia kama deni. Baada ya kuruka walivua sare katika chumba cha kubadilishia, wakitaniana kwa sauti kubwa, kisha kila mmoja akageukia kabati lake la chuma na kujisugua shingo kimyakimya, kana kwamba wenzake hawapo.

Msumari alikuwa na mbinu zake. Kila waliporuka wawili wawili, yeye alichukua upande wa kushoto, ili mwenzake awe kulia, upande ambao shingo ilikubali. Na kwa daktari mbinu ilikuwa kile kiti cha kupimia, kisicho na mgongo, kinachozunguka. Daktari akisema, "Geuka kushoto," Msumari alisukuma sakafu kidogo kwa vidole vya miguu, kiti kikazunguka, mabega yakaenda, kichwa kikaonekana kimegeuka. "Safi kabisa," daktari alisema kila mara.

Nyumbani hakukuwa na kiti cha kuzunguka. Godoro lilimtesa, akahamia sebuleni na kulala chini kwenye mkeka. Mke wake alipouliza, alimjibu kwamba anakoroma, hataki kumsumbua.

"Miaka yote hukukoroma," mke alisema, "leo umepandishwa cheo ndiyo umeanza?"

Hakumwambia ukweli kwa sababu walikuwa na ahadi. Kabla hawajaoana, mwanamke yule alimwambia atavumilia kelele za ndege, atavumilia kutojua mumewe atarudi au la, lakini siku mwili utakaposema basi, na yeye Msumari aseme basi. Alikubali upesi, kama kijana anavyokubali jambo analodhani halitafika.

Aliyekuwa anajua kitu ni binti yao mdogo. Kila alipomwita baba yake kwa upande wa kushoto, baba aligeuka mzima mzima, kifua, kiuno na miguu. "Baba anageuka kama kabati!" mtoto alicheka, na kuzunguka chumba akiwa amekakamaa, mikono imebana mbavuni. Msumari alicheka naye. Mama hakucheka. Siku hizo mama hakucheka kwa lolote.

Basi, asubuhi moja, walipangiwa zoezi la wawili dhidi ya mmoja. Mwenzake alikuwa Bubu, rubani aliyepewa jina hilo kwa sababu hakujua kunyamaza. Hata angani alitikisa mabawa kila mara, kana kwamba ndege nayo ina neno la kuongeza.

"Kushoto tena, kaka?" Bubu alimtania wakienda kwenye ndege. "Huko kushoto una shamba?"

"Panda ndege yako."

"Napanda. Nauliza tu, nije kulima na mimi."

Wawili huruka sambamba, mbali kidogo, na kila mmoja hulinda mgongo wa mwenzake, maana mgongo wako mwenyewe huuoni. Wakikata kona kali hupishana, wa kushoto akawa kulia. Msumari ndiye aliyekuwa kiongozi, na ilipotokea hivyo aliamuru kona nyingine harakaharaka, warudi kama walivyokuwa. Lakini siku hiyo, walipopishana, ukuta wa wingu ulikuwa mbele yao. Kona ya pili haikuwezekana. Bubu akabaki kushoto kwake.

"Kiongozi, nitazamie mgongo," Bubu aliita kwenye redio.

Msumari alikaza tumbo, akageuza. Shingo ikakwama. Akailazimisha, moto ukashuka hadi kwenye kidole, macho yakajaa maji. Alichoona ni ukingo wa kofia yake na ncha ya bawa la Bubu. Nyuma ya bawa hakuona kitu, kwa sababu hakufika huko. Angeweza kusema sioni. Ni neno moja, na redio ilikuwa wazi. Lakini tangu lini Msumari akasema haoni?

"Mgongo wako salama," alisema.

Mara ikaingia sauti ya yule aliyecheza adui, imejaa kicheko. "Bubu, umekufa. Wasalimie huko."

Waliposhuka, kikosi kizima kilikaa kusikiliza kanda ya mazungumzo ya redio, kama ilivyo desturi baada ya kila zoezi. Msumari alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka ukutani, imetulia kama ya mtu anayeagiza chai: mgongo wako salama. Papo hapo likafuata lile la wasalimie huko, na chumba kikalipuka kwa vicheko.

"Marehemu, pole!" mmoja alipiga meza.

"Tunazika lini? Tujue kama kuna chakula!"

Mkuu wa kikosi, mtu mwenye mvi aliyeruka kabla yao wote, hakucheka. "Msumari, ulimwona?"

"Jua, mkuu," Bubu aliwahi kujibu. "Alitokea ndani ya jua. Asingeweza kumwona."

Mkuu aligeuka kumtazama Bubu, na Msumari akaona jambo ambalo hakuwahi kuliona kwa miaka yote: mkuu naye aligeuka na mabega, na kifua, na kiti chenyewe.

"Mh," mkuu alisema. "Jua." Akasimamisha kanda.

Nje, kando ya ukuta wa chumba cha kubadilishia, Bubu alimsubiri. Kwa mara ya kwanza jina lake lilimfaa.

"Hukugeuka," alisema hatimaye.

"Niligeuka."

"Kaka, nilikuwa nakutazama. Kofia yako haikusogea."

Msumari alitazama ncha za viatu vyake.

"Kufa kwenye zoezi si kitu," Bubu aliendelea, sauti ikiwa chini. "Nimekufa mara nyingi, natania, maisha yanaendelea. Lakini ingekuwa kweli, ningekufa nimetulia. Unaelewa? Nisingekata kona, nisingefanya lolote. Ningekufa nakuamini."

"Utamwambia mkuu?"

"Nishasema jua, limebaki jua. Ila sipandi na wewe mpaka umwone daktari. Nitasema tumbo linaniuma. Nitasema mke wangu anajifungua, hata kama hana mimba."

Wakati mwingine wangecheka hapo. Bubu alimpiga begani, taratibu, kama mtu anayeaga, akaenda zake. Msumari alibaki na ukuta.

Alifika nyumbani jua bado kali. Mke wake alikuwa anapiga pasi sare zake, binti akamrukia mlangoni.

"Kabati limerudi! Nibebe!"

"Muache baba yako," mama alisema bila kuinua macho. "Ana mambo yake."

Mtoto akatoka kucheza nje. Msumari alilala chali kwenye mkeka, akasikiliza pasi ikipita, ikirudi. Kisha ikanyamaza.

"Ni nani?" mke aliuliza.

"Nani nini?"

"Huyo anayekufanya ulale sebuleni kama mgeni. Nimechoka kujifanya mjinga."

"Ni shingo."

"Shingo ya nani?"

"Yangu, mama. Shingo yangu imekufa."

Akamwambia yote: kidole, kiti cha daktari, upande wa kushoto, na Bubu. Mke alipiga magoti, akatia mkono chini ya kisogo chake na kuikuta misuli imekakamaa kama kamba iliyolowa. Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kuwa kitu kingine.

"Miezi yote hii namchukia mwanamke asiyekuwepo. Nimempa hadi sura. Ana mwanya." Alijifuta macho kwa kiganja. "Ungeniambia, ningekukanda."

"Ungeniambia niache."

"Ndiyo," alisema. "Ningekuambia uache."

Hakuondoa mkono. Walikaa hivyo, mkono wake chini ya kichwa chake, na Msumari alijua kwamba mahali anapokwenda kesho hata mkono huo hautafika.

Asubuhi alikaa kwenye kile kiti. Daktari alisimama mbele yake, akiwa na haraka ya kawaida.

"Geuka kushoto."

Msumari aliinua miguu yote miwili kutoka sakafuni.

"Mbona unaning'iniza miguu kama mtoto?"

"Ili kiti kisinisaidie, daktari."

Akageuza. Shingo ilianza safari, ikakwama. Daktari alingoja iendelee. Haikuendelea. Alimtazama rubani, akatazama miguu iliyoning'inia, akatazama kiti, na polepole uso wake ukaelewa miaka mingi kwa mpigo.

"Shuka," alisema, kwa upole mkubwa.

Walimpa kazi ya ofisini. Hakuna aliyemsema vibaya, na hilo ndilo lililouma. Akiingia chumba cha kubadilishia, utani ulipungua, sauti zikawa za heshima, kama za watu walio kwa mgonjwa. Kabati lake la chuma akapewa mwingine. Bubu alimsalimia kila siku, akamuuliza hali ya binti, kisha aliitwa, akakimbia, kwa sababu ndege ilimsubiri.

Alasiri moja alisikia ngurumo anayoijua, akatoka ofisini na kwenda kwenye majani nje ya uzio wa njia ya kurukia. Kuinua kichwa hakuweza; juu nako shingo ilikuwa imekataa. Basi akalala chali, na sare yake iliyopigwa pasi.

Mlinzi wa uzio alimkimbilia. "Afande! Umeanguka?"

"Hapana. Natazama juu."

"Si utazame umesimama?"

"Nikisimama siwezi."

Mlinzi hakuelewa. Alirudisha kichwa nyuma, kirahisi tu, bila hata kujua amefanya nini, akatazama mbingu kwa muda, akaona ni za kawaida, akarudi kwenye kibanda chake.

Ndege mbili zilikata kona juu kabisa, zikapishana. Moja ilitikisa mabawa. Msumari aliitazama kutoka tumboni hadi mkiani, kisha akatazama nyuma yake, anga yote, mpaka kwenye ukingo wa wingu. Hakuacha sehemu.

"Mgongo wako salama," alisema, na majani tu ndiyo yaliyosikia.