Robo Fainali ya Bila Jasho

Chiriku alikuwa ameshafunga begi. Alikuwa ametolewa kwenye mechi ya mwisho ya mchujo na msichana aliyepiga miayo kati ya pointi na pointi. Shangazi yake, ambaye alikuwa kocha wake, mpishi wake na msemaji wake, alikuwa mapokezi akibishana na mwenye hoteli kuhusu taulo, simu ilipolia.

"Kuna mchezaji amejitoa, mgongo unamsumbua," shangazi alisema alipokata simu. "Wanataka wa kuziba pengo. Fungua begi."

Hivyo ndivyo Chiriku alivyoingia kwenye mashindano makubwa ya tenisi ya wanawake, ya mchezaji mmoja mmoja: kwa mlango wa nyuma.

Mpinzani wa kwanza aliamka na homa, uwanjani hakuonekana. Wa pili alicheza kidogo tu, akateguka kifundo cha mguu, akatoka akichechemea. Wa tatu aligombana na mwamuzi kabla Chiriku hajapata hata joto, akabamiza raketi chini, raketi ikaruka ikamgonga mwamuzi wa mstari begani. Akafukuzwa. Kufumba na kufumbua, Chiriku yuko robo fainali, na nguo zake bado zinanukia sabuni.

Mama yake akapiga simu kutoka nyumbani. "Mwanangu, redio inasema wanakukimbia!"

"Mama, mmoja alikuwa anaumwa."

"Ndiyo, kakuona akaumwa."

Mjomba, aliyekuwa akisema siku zote kwamba tenisi ni kazi ya kupiga hewa, sasa alikuwa kwa kinyozi akieleza jinsi alivyomfundisha mpwa wake kushika raketi. Waandishi wa habari walimuuliza Chiriku siri ya ushindi wake. Aliposema hajafanya lolote, wakaandika kuwa ni mnyenyekevu kupindukia.

"Mgaagaa na upwa hali wali mkavu," shangazi alimfariji.

"Lakini mimi sijagaagaa popote, shangazi!"

Alijiona kama mtu aliyevishwa nguo za bwana harusi kwa makosa, na wageni wote wanapiga vigelegele.

Mpinzani wa robo fainali alikuwa bingwa wa zamani aliyecheza miaka mingi hata wenzake wakamwita Bibi. Walipokutana kwenye wavu, Chiriku hakuweza kujizuia.

"Unajisikiaje leo?"

"Mzima wa afya, mwanangu," Bibi alijibu. "Pole."

Chiriku akashusha pumzi. Tangu afike, hakuna aliyempa habari njema kama hiyo.

Seti ya kwanza ilikuwa aibu. Mipira ya Bibi ilimpita kama gari linavyompita mtu aliye kituoni. Lakini katika ya pili miguu ikaamka. Akaanza kuifikia mipira ambayo jana asingeiota, akaanguka, akainuka na magoti mekundu, akapiga kelele mpaka shangazi akaziba masikio. Akaichukua seti ile. Ya tatu wakavutana hadi watu wakasimama vitini, kisha mpira wa Bibi ukagusa wavu, ukasita juu kana kwamba unafikiria, ukadondokea upande wa Chiriku. Mechi ikawa ya Bibi.

Bibi alimkumbatia. "Siku nyingi sijakimbizwa hivi," alimnong'oneza, akihema.

Magazeti yaliandika: "Chiriku aangusha matumaini ya wengi." Mjomba naye alibadili kinyozi.

"Nini kimekupata, mwanangu?" mama aliuliza kwenye simu, sauti imepooza. "Mbona ulikuwa unashinda vizuri tu?"

"Ndiyo mara yangu ya kwanza kucheza, mama."

Mama hakuelewa, akamwambia ale vizuri, akakata.

Chiriku alilala sakafuni, miguu kitandani, barafu magotini. Shangazi aliketi pembeni, wote wawili wakitazama seti ya pili kwenye simu yake.

"Hapo ulichelewa," shangazi alisema.

"Nyamaza, shangazi. Rudisha nyuma, nataka kuuona tena ule mpira nilioufikia."

Shangazi akarudisha.