Wanawake Waliojua Kuogelea

Mwaka mmoja kabla ya msiba, katika mkutano wa kikundi cha akina mama wa Nkombo, mwenyekiti aliwataka wote waseme, mmoja baada ya mwingine, ni jambo gani walilolifanya maishani likawaridhisha kuliko mengine yote. Mmoja alitaja nyumba aliyoiezeka mabati akiwa mjane. Mwingine alimtaja mwanawe aliyehitimu chuo kikuu. Wa tatu alimtaja ng'ombe wake, watu wakacheka, naye akasema wacheke tu, maziwa wanakuja kuyaomba kwake. Zamu ya Mukankusi ilipofika, alisema, "Nimefundisha wanawake kuogelea," akaketi. Nyuma yake binti mmoja, Sandrine, akainuka bila kungoja kuitwa.

"Na mimi langu ni hilo hilo," alisema. "Nimejua."

Kwa mtu wa mbali majibu hayo yangeonekana madogo. Nkombo ni kisiwa cha ziwani upande wa Rwanda, na mtu angedhani watoto wake huzaliwa wakiyajua maji. Sivyo. Wanaume huvua sambaza, samaki wadogo kama dagaa, wanawake hupanda boti kwenda sokoni ng'ambo na kurudi, na wengi wao walikuwa wakizeeka bila kuingia ziwani kupita magotini. Mukankusi alikulia Uvira, Kongo, ambako alicheza na kaka zake katika Ziwa Tanganyika tangu utotoni. Alirudi Rwanda na wazazi wake, akaolewa kisiwani, na katika mwaka wa kwanza wa ndoa boti ilipinduka karibu na gati. Wifi yake alikufa mahali ambapo sauti ya mtu inafika. Waliokuwa ufukweni walimsikia akiwaita kwa majina.

Ndipo alipoanza. Alichagua kihori, ghuba ndogo ya ziwa iliyokingwa na miamba pande mbili, akawa anakwenda huko kila Jumapili baada ya ibada. Mwanzoni walimcheka. "Mama mzima, anapiga maji kama bata!" Mumewe, Valens, alisema mkewe amepata kazi ya kufundisha kuku kuruka. Hata hivyo akaja mmoja, akaja wa pili, na kwa miaka ishirini wakafika zaidi ya thelathini. Mukankusi hakujaliwa mtoto. Hakulilalamikia jambo hilo. Lakini kila mwanafunzi alipovuka kutoka mwamba mmoja hadi wa pili kwa mara ya kwanza, akatoka majini akihema na kucheka, alijua kwamba hakuja duniani kuhesabiwa tu.

Sandrine ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote. Mama yake, Nzigire, alikuwa mtu wa Bukavu, mfanyabiashara wa mbogamboga aliyevuka mpaka wa Kongo na Rwanda, pale Rusizi ya kwanza, karibu kila siku. Baba yake, Anastase, Mnyarwanda, alifanya kazi ya ukarani katika mji wa Cyangugu, ng'ambo ya kisiwa. Binti alikuwa akinunua sambaza wakavu kisiwani na kuwauza mjini, na kwa hiyo alipanda boti mara nyingi kuliko wenzake.

Boti iliyomuua ilikuwa ikirudi Nkombo kutoka sokoni, alasiri, ikiwa na abiria na magunia. Upepo ulibadilika, mzigo ukahama, boti ikalala ubavu, kisha ikapinduka. Haikuzama, boti ya mbao huelea hata ikigeuka. Abiria waliikumbatia mgongoni, kila mmoja na jaketi lake la kuokolea, la rangi ya machungwa, kama sheria inavyotaka, mpaka wavuvi wa sambaza waliokuwa wakitoka kwenda kazini walipowafikia. Wote walitolewa hai, isipokuwa Sandrine. Kati ya watu wote waliokuwamo, mmoja tu ndiye aliyejua kuogelea, na huyo mmoja ndiye aliyekufa.

Jaketi lake lilikutwa likielea peke yake, kamba zimefunguliwa. Mwili ulipatikana siku iliyofuata.

Hakuna aliyedanganya juu ya jaketi hilo. Watu waliliona bila mwenyewe, wakajaza pengo. Ndani ya boti alikuwamo bibi kizee ambaye kamba ya jaketi lake ilikuwa imekatika. Bibi huyo hakukumbuka kitu zaidi ya baridi. Basi ikasemwa kwamba Sandrine alilivua lake ili ampe bibi, wimbi likalipokonya, naye akaogelea kwenda kutafuta msaada bila chochote. Siku ya mazishi habari hiyo ilikuwa imekwisha komaa. Mchungaji aliihubiri. Mukankusi, aliyesimama karibu na kaburi, aliamini kama wengine, na katika huzuni yake alijisikia, kwa aibu kidogo, kuwa na fahari.

Siku mbili kabla ya kumaliza matanga, Josiane alimfuata nyumbani. Josiane alikuwa muuzaji mwenzake Sandrine. Aliketi karibu naye ndani ya boti, na hakuwahi kufika kihorini hata Jumapili moja.

"Maman Mukankusi, ile habari ya bibi si ya kweli," alisema. "Bibi alikuwa ngambo ingine ya bwato. Sandrine hakumuona hata."

"Basi alilivua kwa nini?"

"Sababu lilikuwa linamubana mikono. Nilimushika nguo, nikamuambia, kaa hapa, batu batakuja. Akacheka. Akasema, 'Josiane, muntu anayejua hawezi kuning'inia hapa sawa popo. Maman alitufundishaka: jaketi ni ya bale basiojua.' Akafungua kamba, akaenda. Aliogelea muzuri sana, Maman. Nilimuona kwa kitambo kidogo. Kisha mawimbi yakakuwa mengi, na kitenge chake kilikuwa kimemufunga miguu."

"Umemwambia nani mwingine?"

"Ni weye tu. Nitaambia nani? Mimi niko muzima, yeye amekufa."

Baada ya Josiane kuondoka, Mukankusi alifanya alichokuwa akifanya daima: aliyapanga mambo kama yalivyokuwa. Ni kweli alikuwa akisema hivyo. Alilisema mara nyingi, kwa mzaha, kwa sababu wanawake walikuja kihorini wakiwa wamejikunyata, na mzaha huo uliwanyoosha migongo. Ni kweli pia kwamba aliwafundisha katika maji yaliyotulia, wakiwa na nguo nyepesi, kutoka mwamba hadi mwamba, umbali ambao jicho halikosei. Hakuwahi kumwingiza mtu majini na kitenge. Hakuwahi kuwaambia boti ikipinduka wafanye nini, kwa kuwa alidhani anayejua kuogelea hahitaji kuambiwa. Asiyejua naye hakuhitaji kuambiwa: woga ulimfundisha kushika. Ni wanafunzi wake tu, katika kisiwa kizima, walioweza kufanya kosa lile.

Alitafuta mahali ambapo hesabu hiyo ingevunjika. Hakupaona.

Siku ya kumaliza matanga alivuka kwenda Cyangugu pamoja na wanafunzi wake saba, wamevaa vitenge vya sare. Uani kwa Nzigire palikuwa na hema, viti vya plastiki, kreti za soda na wali uliokuwa ukipakuliwa. Nzigire alikuwa mwanamke wa sauti kubwa, na msiba haukuipunguza.

"Mama ya samaki amefika!" aliita alipomwona. "Mumupatie kiti kizuri. Na hawa samaki badogo nyuma yake, mubapatie Fanta, bamekauka!"

Watu walicheka, wakiwa na haja ya kucheka. Nzigire alimkumbatia Mukankusi kwa muda mrefu, na Mukankusi alihisi jinsi mwili ule mkubwa ulivyokuwa umelegea.

Baada ya chakula, mchungaji aliirudia habari ya jaketi. Kisha Nzigire akasimama.

"Miye nimefanya mingi katika hii maisha," alisema. "Nimebeba tomati kichwani mpaka nikanunua hii parcelle ya nyumba. Nimelala mpakani na mvua. Lakini mukiniuliza kitu gani kilinifurahisha kupita vyote, nitasema: nilizaa muntu aliyetoa jaketi yake. Ni hiyo tu Mungu ameniachia. Usiku ikinikaba, ninaishika hiyo, ninalala." Akamgeukia mgeni wake. "Na ni weye ulimutoa woga. Sasa nina huyu mudogo, Uwineza. Amemaliza masomo, anataka kukamata kazi ya dada yake. Umuchukue. Umufundishe sawa vile ulimufundisha Sandrine. Sawa sawa vile."

Uwineza, msichana mrefu aliyekuwa akikusanya sahani, alisimama pale pale, akatabasamu kwa haya. Watu walipiga makofi. Walisubiri Mukankusi aitikie, jambo lililohitaji neno moja.

Alijua kwamba angeweza kulisema. Angeweza kumchukua msichana na kumfundisha vingine, kwa kitenge, kwa mawimbi, na jaketi. Lakini mama hakuomba vingine. Na Uwineza angeingia majini akiamini kwamba dada yake alikufa kwa kutoa, wakati dada yake alikufa kwa kujiamini. Siku boti ikipinduka, jambo hilo lingekuwa na uzito mkubwa kuliko mafunzo yote. Hivyo ndivyo alivyoliona, akasimama.

"Maman Nzigire, siwezi kumfundisha kama nilivyomfundisha Sandrine," alisema. "Sandrine hakumpa mtu jaketi. Alilivua ili aogelee vizuri, kwa sababu mimi niliwaambia jaketi ni la wasiojua. Wengine waliishika boti wakapona. Yeye aliiacha kwa sababu alijua kuogelea. Kujua huko kumetoka kwangu."

Sahani ziliacha kugongana. Josiane, aliyeketi nyuma, aliinamisha kichwa, na kwa kichwa kile watu walijua kwamba ni kweli.

Nzigire hakupiga kelele. Aliuliza taratibu, kama mtu anayekagua bei.

"Kama asingejua kuogelea, angebaki kwenye bwato?"

"Angebaki."

"Na leo angekuwa hapa, anagawa wali."

"Ndiyo, Maman."

"Na ile ya bibi hakuna."

"Hakuna."

Anastase, baba wa marehemu, alivua miwani. "Dada yangu," alisema, "hayo ungeyasema kwetu ndani. Au ungeyasema kabla hajasimama."

"Nilikuja nikitaka kunyamaza, Papa. Aliponiomba mtoto, sikuweza."

"Kunyamaza ungeweza," alisema Nzigire. "Ungesema umezeeka. Ungesema mugongo unakuuma. Mimi si mujinga, ningeelewa, ningemunyima mutoto hiyo kazi mimi mwenyewe, kidogo kidogo. Sandrine umeisha kumuchukua. Sawa, ni maji yalifanya. Lakini ile nyingine, ile ya kunilalisha, uliikujia ya nini?"

Mukankusi alikuwa amepima kila kitu isipokuwa hicho. Alisema "unisamehe," na Nzigire akaitikia kwa kichwa kama anavyoitikiwa mtu aliyekanyaga mguu wa mwingine sokoni. Kisha akamwambia Uwineza amalize sahani. Mchungaji alianzisha wimbo, ukaimbwa na wachache.

Waliondoka mapema. Waliteremka gatini, na walipoingia botini kila mwanamke alivaa jaketi lake akafunga kamba zote tatu. Mukantwari, mwanafunzi wa zamani kuliko wote, bibi mwenye wajukuu aliyekuwa na mzaha wake kwa kila jambo, aliketi karibu na mwalimu.

"Kwa hiyo tukipinduka, tushike boti," alisema.

"Mshike."

"Na jaketi tusivue."

"Msivue."

"Hata ufukwe ukionekana karibu."

"Hata ukionekana karibu. Jumapili ijayo nitawaonyesha namna ya kushika, na namna ya kulivua kitenge majini."

"Kushika hata kaka yangu mlevi anajua," alisema Mukantwari, na hakukuwa na ubaya katika sauti yake. "Jumapili tupumzike kwanza, Maman. Wanaume watatuuliza tunakwenda kufanya nini."

"Na Jumapili itakayofuata?"

"Tutaona."

Aliwatazama wengine. Mmoja alisema ana mgeni. Mwingine alisema mtoto wake anakohoa. Wa tatu aliangalia tu mlima wa Kongo upande wa pili.

Injini iliwaka. Ziwa lilikuwa shwari, halina hata mkunjo. Wanawake hawa saba walikuwa wameogelea humo zaidi ya wanaume wengi wa kisiwa. Miaka yote walikaa botini kama watu wanavyokaa barazani, wakimenya machungwa na kurushiana maganda. Sasa kila mmoja alikuwa ameushika ukingo kwa mikono miwili, na macho yao yalikuwa kwenye sakafu ya boti.

"Akina mama, sogeeni kulia kidogo, tumelemea upande mmoja," nahodha alisema.

Hakuna aliyeachia. Aliwaambia tena, kwa sauti, kisha akapunguza mwendo, na boti ikaenda hivyo hivyo, imeinama, mpaka kisiwani.