Upara wa Karani

Upara ulianzia penye shina la mkia, ukapanda mgongoni mpaka ukatosha kiganja kizima, na ngozi iliyobaki wazi ilikuwa nyekundu, yenye vipele vidogo kama punje za chumvi. Filister alimwinua paka wake mlangoni penye mwanga, akamgeuza huku na huku, akasonya. Alikuwa akisonya tangu alfajiri.

Karani hakuwa paka wa mapambo. Jina alilipata kwa kifua chake cheupe kilichojitokeza kwenye manyoya meusi kama shati la mtu wa ofisini, na kazi yake ilikuwa kulinda magunia ya dagaa wa omena ambayo Filister aliuza hapo mtaani Gatwekera. Tangu alipoanza kuota upara, kila mpita njia alikuwa na lake. Fundi viatu alisema apakwe oili chafu ya gari. Mwenzake Filister wa kwaya alisema ni mashilingi, yale mabaka ya duara ya ngozi, asuguliwe kwa sabuni ya kufulia. Muuza dawa mmoja, bila hata kumtupia paka jicho, alimuuzia chupa ya dawa ya kuogeshea.

“Kila mtu daktari!” Filister alifoka. “Na paka anazidi kubaki uchi!”

Yeye hakuhitaji kuambiwa. Alijua. Wiki mbili zilizopita alisimama katikati ya ua, mbele ya wapangaji wote, akamnyooshea kidole Syokau, mama yake Mbithi, jirani wa mlango wa pili aliyepika githeri, mahindi na maharagwe, ya kuuza.

“Ni wewe umemwagia paka wangu maji ya moto!”

Syokau aliwahi kulalamika kwamba Karani ananusanusa sufuria zake. Ushahidi gani zaidi ulitakiwa? Syokau alikana mara moja tu, kwa sauti ya chini, kisha akanyamaza. Tangu siku hiyo wanawake hao wawili, waliowahi kuleleana watoto, walipishana kama watu wasioonana. Kimya hicho kilimkera Filister kuliko matusi. Mtu mwenye hatia angepiga kelele, angalau mtu ajue pa kumshika.

Ndiyo sababu asubuhi hiyo alimtia Karani kwenye kikapu chenye kifuniko, akashika njia ya Kawangware kwa miguu. Huko, nyuma ya duka la dawa za mifugo, kulikuwa na mtaalamu wa wanyama aliyeitwa Mulwa. Tiba alitaka, ndiyo. Lakini zaidi alitaka neno la msomi, alirudishe uani alitandaze mbele za watu. Paka alilia njia nzima. “Hata wewe?” Filister alimkemea. “Hata wewe unanisumbua?”

Mulwa alikuwa mtu wa makamo, mwenye macho ya mtu aliyekwisha kuona mengi ya kipuuzi. Filister alipoweka ile chupa mezani, aliisoma, akafumba macho kidogo.

“Mama, umeshampaka hii?”

“Bado.”

“Shukuru. Hii ni ya mbwa. Paka ukimpaka anaweza kutetemeka hadi afe.” Akaisogeza mbali. “Aliyekuuzia alimwona mgonjwa?”

“Hakuna aliyemwona! Wote wanaongea tu!”

“Basi tumwone sisi.”

Hakuwa na haraka, na hilo nalo lilimchosha Filister. Aliuliza upara ulianza lini, kama kuna mtu nyumbani mwenye mabaka ya duara, kama paka anakula vizuri. Alichungulia masikio, akatenganisha vidole vya miguu, akapapasa tumbo, kisha akapitisha kidole kinyume na manyoya kandokando ya upara.

“Ni maji ya moto,” Filister alisema, uvumilivu ukimwishia. “Andika tu.”

“Shika hapa.”

Alishika. Manyoya yalichoma kama ndevu za siku mbili.

“Ngozi iliyoungua hutoa malengelenge, hulowa, hushika kigaga, halafu huacha kovu,” Mulwa alisema. “Hapa hakuna kovu. Na haya manyoya yamekatwa.”

“Amekata nani?”

“Yeye mwenyewe. Kwa ulimi na meno. Anawashwa.”

“Sijamwona akijilamba hivyo.”

“Wengi hujificha wakijilamba.”

Alichukua kitana chenye meno yaliyobanana, akamchana Karani kiunoni. Punje nyeusi zikaanguka kwenye tishu nyeupe.

“Masizi ya jiko,” Filister alisema upesi.

Mulwa alizidondoshea maji. Punje zikayeyuka pole pole, na kila moja ikatoa duara la wekundu wa kutu.

“Masizi hayatoi damu, mama. Haya ni mavi ya viroboto.”

“Viroboto? Kwangu? Mimi nadeki mara mbili kwa siku!”

“Kiroboto haulizi kama umedeki. Na ngozi ya paka wengine haivumilii mate yake. Wakiumwa na wawili watatu tu, wanajitafuna hivi.”

Alimpima Karani uzito, akampaka matone ya dawa nyuma ya shingo, pale ulimi usipofika. Akampa Filister maagizo: matandiko yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa, nyufa zipuliziwe dawa. “Huyu huingia vyumba vingapi?”

“Vyote vya ploti.”

“Basi ni vyote. Ukificha, watarudi.”

Njiani kurudi Filister aligundua jambo lililomfanya asimame ghafla, watu wakampita wakinung'unika. Alikuwa amesikitika. Paka wake hakuunguzwa, hakuna mkono uliomtendea ubaya, naye alikuwa amesikitika. Moyo wake ulikuwa umetamani kidonda, mradi awe na haki. Alikaza mkono kwenye kikapu, akaona haya mbele ya paka.

Alipofika, wapangaji walikuwa wamepanga foleni ya mitungi kwenye mfereji wa ua. Syokau alikuwa akikoroga sufuria yake. Filister alimwendea karibu, akainama.

“Mama Mbithi. Haikuwa maji ya moto. Ni viroboto.”

Mwiko haukusimama. “Unaniambia mimi? Mimi nilijua sikumwaga. Wewe uliambia hao.”

Filister aliinuka. Aligeukia foleni, kikapu mkononi, uso ukimchemka.

“Jamani! Nilimsingizia Mama Mbithi. Paka wangu ana viroboto. Wametoka kwangu, na labda wameshaingia kwenu. Lazima tupulizie dawa vyumba vyote.”

Kikazuka kicheko mbele, mguno katikati. Mtu mmoja akainua mguu na kuuchunguza. Syokau hakucheka. Alifunika sufuria, akapangusa mikono kwa leso, akamtazama Filister kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili.

“Sema tena,” alisema. “Wa nyuma hawakusikia.”

Hasira ilimpanda Filister mpaka kooni. Akaimeza, akaenda hadi mwisho wa foleni, akaanza upya.