Kaye ya Kasiksi

Wamama watano wa Nguba walipatana kuandika namna moja ya kupika kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Kaye, daftari la kikundi, na kalamu wakanipa mimi Rosalie, ju nilimaliza mwaka wa sita wa shule. Tulikaa kwenye mikeka nyuma ya nyumba ya mama mudogo wangu, Maman Eulalie.

Sababu kila mutu aliijua. Papa Polycarpe alikuwa ameoza binti yake, na kila mama alileta mutobe, maji ya ndizi zake. Tuliumimina wote ndani ya muvure wa Maman Eulalie, ule mutumbwi wa mbao wa kupikia pombe, kisha Maman Godelive akatia unga wa mutama wa kukaanga. Siku mbili pombe ilikataa kuchemka, haikutoa povu. Siku ya harusi wageni wa Shabunda walivuta na mirija mara moja, wakaiacha. Muzee mumoja akauliza kama ni harusi ao ubatizo.

"Tuanze na shimo la kuivishia ndizi," alisema Maman Constance, mukubwa wao. "Siku ngapi?"

"Ine," Maman Eulalie akajibu.

"Tano. Hapa iko baridi."

"Baridi iko kwako, Constance. Ndizi zako zinalala sana kama bwana yako."

Walicheka. Niliandika: siku tano, mupaka kidole kiingie kwenye ganda bila nguvu.

Tulipofika kwa unga, kicheko kiliisha.

"Andika," Maman Constance akasema bila kuniangalia. "Mutama utoke kwa shamba, hapana kwa soko. Na Godelive apumzike kwanza."

Kupumzika, maana yake ni kutoka kwa kikundi. Bwana ya Godelive alienda kwa zahabu, mwaka wa pili huu bila habari, na watoto wake wane walikula kwa feza ya ile pombe. Hakubisha. Aliangalia viganja vyake.

"Ule mutama nilipepeta mara tatu," alisema. "Lakini kama munaona ni mimi..."

Niliandika lile neno. Tangu harusi kulikuwa na kitu kimoja nilichokigeuza moyoni.

"Na muvure, maman?" nikauliza. "Munaosha na nini?"

Waliniangalia kama niliuliza namna ya kupumua.

"Maji tu," akasema Maman Eulalie. "Na majani ya ndizi. Ile weusi ya ndani ndiyo inachemsha pombe. Nani hajui?"

Mimi sikujua. Siku moja mbele ya kumimina, niliona ule weusi na harufu yake, nikapata haya ju ya wageni. Shuleni masœur, mutawa mwalimu wetu, aliangalia kucha zetu kila asubuhi: kitu ambacho hakijakutana na sabuni hakijawa safi. Nilisugua mupaka mbao ikawa nyeupe.

"Niliosha na sabuni," nikasema.

"Sabuni gani?" Maman Constance akauliza.

"Ya kufulia."

"Kipande muzima?"

"Nusu."

Godelive alianza kucheka polepole, mabega yakitikisika. "Kumbe tulimupikia Papa Polycarpe maji ya kufua."

Maman Eulalie hakucheka. "Ule muvure uliachwa na mama yangu," alisema tu, na ile iliniuma kupita fimbo.

"Andika," akasema Maman Constance.

"Niandike nini?"

"Ile ya sabuni. Shiye tunajua ju tulizaliwa ndani yake. Mwenye hakuzaliwa ndani yake atajua namna gani?" Akaonyesha kaye na kidole. "Na ile ya Godelive, futa."

Wino wa kalamu haufutiki. Nilipitisha mistari miwili juu ya lile neno, kisha wa tatu.

Kesho yake Godelive alikuja na beseni kichwani: machicha ya muvure wake mwenyewe, yakitoa povu bado. Tulisugua nayo ile mbao nyeupe ili irudie kuchemsha pombe, yeye upande huu, mimi upande ule, tukaifunika na majani ya ndizi.

Kisha tulipika tena, kufuata kaye. Siku ya pili nilitega sikio juu ya majani, nikasikia sauti ndogo kama manyunyu.

Kwetu mwenye pombe anaonja wa kwanza, ili mugeni asiogope. Maman Eulalie alishika murija, akaugeuza, akamupa Godelive. Godelive alivuta kwa muda murefu.

"Haina sabuni," akasema, akanipitishia murija.