Kuku Aliyeishia Mlango wa Jikoni

Nyota moja. Duka la mtandaoni halikuruhusu kutoa sifuri, na aliyeandika alilalamikia hata hilo.

"Natoa moja kwa kuwa sifuri haipo," aliandika mtu aliyejiita Baba Pacha. "Huyu ni mwizi. Nimelipa hela yangu ya halali, kuku anafika mlango wa jikoni, basi, kwaheri. Muogopeni kama ukoma."

Mapokezi aliyasoma maneno hayo nyuma ya dawati lake kwenye kliniki ya meno, huku mgonjwa mmoja akiwa ameshika shavu mbele yake akisubiri kuandikishwa. Jina la Mapokezi alipewa na kaka yake siku ya kwanza alipoanza kazi hiyo, kwa utani tu. Utani ukaisha, jina likabaki limemganda kama gundi kwenye kidole.

Mtu akikuibia, unaumia, unalala, unaamka, maisha yanasonga. Lakini uibiwe, halafu uitwe mwizi na walewale walionunua cha wizi? Hapo hata mpole wa kuzaliwa hupandwa na mori.

Gemu lenyewe liliitwa Kuku Hayupo. Unapolicheza, wewe ndiye kuku. Wageni wamepiga simu kwamba wako njiani, mama mwenye nyumba ameshanoa kisu, na kuna vyumba kumi na viwili vya kujificha mpaka wageni waridhike na mayai waende zao. Mapokezi alilitengeneza peke yake kwa miaka miwili, saa za chakula cha mchana na Jumapili zote. Michoro aliichora yeye. Hata sauti ya kuku ni yake, maana kuku halisi aliyeazimwa kwa jirani aligoma kabisa mbele ya kinasa sauti. Akapewa mahindi. Akala, akanyamaza, kama shahidi aliyehongwa.

Kwa kuwa hakuna mtu anayetoa hela kununua kuku asiyemjua, mama yake alimshauri awaonjeshe watu kwanza. Hata muuza machungwa hukata kipande. Basi Mapokezi akatoa demo ya bure: uwanja, korido, na mwisho mlango wa jikoni. Mbele kabisa, kabla kuku hajatokea, aliandika kwa herufi kubwa kwamba hiyo ni demo, ni ya bure, asiuziwe mtu, na anayeipenda akanunue lililo kamili dukani.

Miezi mitatu baadaye alikuwa ameuza nakala kumi na tisa, nne kati yake kwa binamu zake. Nyota mojamoja alikuwa nazo arobaini na moja, maana duka lile halikumuuliza mtoa nyota kama amenunua. Na wote waliotoa nyota hizo walilalamikia jambo lilelile: wamelipa, kuku kaishia mlangoni.

Hakuelewa. Kwenye gemu kamili, mlango unafunguka. Aliufungua mwenyewe mara mia. Mpaka jioni moja mama yake aliporudi kutoka kwa fundi cherehani na uso uliokunjika kuliko kitambaa alichopeleka. Alikaa, akavua viatu, akasema huko kwa fundi kuna wanawake walikuwa wanamzungumza binti yake.

"Wanasemaje?"

"Wanasema eti wewe ni mwizi wa kuku."

Katika wizi wote uliopo duniani, benki zipo, dhahabu ipo, yeye kaangukia kwenye kuku. Mapokezi alitaka kucheka, akaona mama yake hacheki. Mama alikuwa amefundisha darasa la pili kwa miaka thelathini. Nusu ya wanawake wale aliwafundisha yeye kwamba mwizi ni mtu wa namna gani.

Usiku huo akamwandikia Baba Pacha kwa adabu, akamuuliza alilipa wapi, maana katika orodha ya wanunuzi jina lake halimo. Jibu likaja neno moja tu: "Chapchap."

Chapchap kila mtu alimjua. Kibanda chake kilibanwa kati ya mchonga funguo na muuza viatu vya mitumba, na unachotaka anakupakulia kwenye flashi: sinema, nyimbo, magemu, hata mawaidha. Kesho yake Mapokezi aliomba ruhusa ya saa moja kazini. Kwanza alitaka kusingizia jino, akakumbuka anamwomba nani. Akasingizia shangazi.

Alifika kama mteja. Chapchap alikuwa kijana mwembamba, mchangamfu, anayemwita kila mwanamume bosi na kila mwanamke dada yangu, na lazima isemwe kwamba alijua kuuza. Mapokezi aliulizia gemu la kuku, na yule bwana akamsifia kazi yake kuliko alivyowahi kusifiwa na ndugu yeyote. Akamweleza jinsi kuku anavyotembea kwa maringo, jinsi ukisikia mlio wake moyo unaruka, jinsi mtengenezaji alivyo na kipaji. Kisha akamwonyesha faili lililoandikwa KUKU HAYUPO KAMILI KABISA. Mapokezi akauliza, taratibu, kama mwenyewe wa gemu anajua kwamba linauzwa pale.

Chapchap akaweka mkono kifuani.

"Dada yangu, mimi si kama hao wengine. Wengine wanaiba gemu zima. Mimi nina hofu ya Mungu. Nachukua ile aliyoitoa bure mwenyewe. Sasa cha bure kinaibwaje?"

 Mapokezi alikuja amejiandaa kumkuta mwizi, na mwizi angemuweza. Hakujiandaa kumkuta mtu mwema. Akamuuliza mbona kule mbele kuna maandishi, alishawahi kuyasikia kwa watu. Chapchap akakubali bila aibu, kwamba maandishi yalikuwepo ila ameyakata yeye, kwa faida ya wateja, kwani yanachelewesha na watu siku hizi hawapendi kusoma.

Kabla Mapokezi hajapata pumzi, mtu akaingia na mfuko wa zana begani, kipande cha bomba kimechomoza kama shingo ya twiga. Alikuwa mwanamume wa makamo, ovaroli limelowa magotini. Hakusalimia. Alisema hii ni mara ya tatu anakuja, watoto wake mapacha hawalali wala hawalazi mtu, wanataka kujua kuku yuko wapi, na yeye mwenyewe, kusema kweli, anataka kujua.

"Si mimi, bosi," Chapchap alisema kwa huzuni ya kweli kabisa. "Nimekupa kama alivyotengeneza. Huyo mtengenezaji ndiye mjanja, anakata katikati. Watu wa siku hizi hawana utu."

"Ni mwizi," yule fundi bomba akasema. "Nimeshamwandika huko."

Basi. Kuna kitu kilimkatika Mapokezi ndani, kama uzi wa shanga.

"Mtengenezaji ni mimi," alisema.

Wakamtazama: sketi ya bluu, blauzi nyeupe yenye jino lililotariziwa mfukoni. Chapchap akacheka kwa heshima, akasema kama ni hivyo yeye ni waziri wa maji. Fundi bomba akasema waziri wa maji angeanza na bomba la mtaani kwake. Wakacheka wote wawili, na Mapokezi akasimama katikati ya kicheko hicho bila kitambulisho chochote, kwa maana hakuna ofisi inayotoa cheti cha kutengeneza kuku.

Akaweka mkoba juu ya kaunta. Akavuta pumzi. Akalia kama kuku.

Hakulia kimzaha. Alilia ule mlio wa wageni wanapobisha hodi: unaanza chini kwa chini kama mtu anayenung'unika, unapanda ngazi tatu, halafu unakatika ghafla kwa kwikwi, kuku anapojikumbusha kwamba amejificha. Mchonga funguo akazima mashine. Muuza viatu akainuka kwenye kigoda. Mwanamke aliyekuwa anapita na mtoto alimshika mtoto mkono.

Fundi bomba hakucheka tena. "Ndiye," alisema polepole. "Huyu huyu. Hiyo sauti inanifuata wiki ya pili sasa."

Mtu angedhani mambo yangeisha hapo. Baba Pacha hakuwa mtu wa kuisha hapo. Alimgeukia Mapokezi na kumuuliza kama ni yeye, basi amemkatia mlangoni kwa sababu gani. Mapokezi akaeleza yote: demo, maandishi, mkasi wa Chapchap. Fundi akasikiliza kichwa kimeinama upande, kama anasikiliza maji ndani ya ukuta, kisha akamgeukia Chapchap.

"Umeniuzia cha bure?"

"Nimekuuzia huduma, bosi. Umeme. Muda wangu." Na kurudisha hela haikuwa desturi ya kibanda, angeweza kumwongezea nyimbo mbili.

Fundi akauliza lililo kamili ni kiasi gani. Mapokezi akamtajia, naye akapiga mluzi, maana ilikuwa mara tano ya bei ya Chapchap. Hapo Chapchap akaingilia kwa nia njema, akashauri kwamba wanunue moja tu, halafu yeye atawagawia wengine, dada apate kidogo na umma upate. Mapokezi akamgeukia fundi. Kuna watu ukiwajibu unawapa cheo.

"Sikulazimishi kununua," alimwambia fundi. "Hela yako kaa nayo. Nataka ufute neno moja tu. Mama yangu analisikia kwa fundi cherehani."

Baba Pacha akajikuna shingo. Alionekana kusikitika, na hilo ndilo lililoudhi zaidi.

"Nikilifuta bila kuona kilichoko nyuma ya mlango, si nitakuwa nashuhudia nisichokijua? Mtu akiniambia bomba limepona, sisaini mpaka nifungue maji. Nionyeshe, nifute hapahapa."

Lilikuwa ombi la haki. Gemu kamili lilikuwa ndani ya mkoba wa Mapokezi, kwenye flashi nyekundu aliyotembea nayo kila mahali kama hirizi. Dakika tatu tu: mlango unafunguka, kuku anaingia, neno linafutwa, mama anapumzika. Mkono wake ulikuwa umeshaingia mkobani.

Chapchap akavuta kiti, akakifuta vumbi kwa kiwiko, akasogeza kompyuta yake karibu. "Chomeka hapa, dada yangu," alisema kwa sauti tamu. "Tuone wote."

Mapokezi akalitazama lile tundu la kompyuta. Kila kilichowahi kuchomekwa humo kilizaliana. Ili asafishwe jina la wizi, ilibidi kwanza aibiwe vizuri, kamili, vyumba vyote kumi na viwili, na aliyeshika beseni la kumsafishia ni mwizi mwenyewe. Alisimama hivyo, vidole vimeishika flashi, watu wamejaa mlangoni wanasubiri onyesho.

Akatoa mkono mtupu.

"Kumbe hana," mtu akasema nyuma.

Fundi bomba akanyanyua mfuko wake wa zana. Alisema ana kazi inamsubiri, maji yanamwagika mahali, na atafikiria. Akaondoka. Mapokezi akarudi kliniki akiwa amechelewa dakika ishirini, macho yanawaka, akawaandikisha wagonjwa kwa sauti iliyowafanya wawili waahirishe kung'oa.

Wiki hiyo ilipita vibaya. Siku ya tatu mama yake alileta habari kwamba Chapchap amebandika tangazo jipya: KUKU HAYUPO, MTENGENEZAJI MWENYEWE AMEFIKA HAPA. Na bei ameipandisha. Mapokezi alicheka kicheko kimoja kikavu, akaenda kuoga, akalia huko ambako maji hayatofautishi.

Siku ya tano, dawatini, simu ikatetemeka. Katika orodha ya wanunuzi kulikuwa na jina la ishirini. Nyota zake hazikuwa tano. Zilikuwa tatu.

"Nimefuta neno mwizi," Baba Pacha aliandika. "Nimenunua kwa mwenyewe, nimeona kwa macho. Mlango wa jikoni unafunguka. Anayelipia kule kwingine anauziwa cha bure, kama nilivyouziwa mimi, na aliyeuziwa ajilaumu na amlaumu aliyemuuzia. Sasa niseme la kazi. Chumba cha saba, kuku anapojificha chini ya sinki, bomba limechorwa juu chini. Ile kona yake inatakiwa iangalie chini ishike maji ya kuzuia harufu. Ilivyochorwa, nyumba nzima ingenuka na wageni wasingekaa hata dakika moja. Nyota mbili ninazizuia mpaka lirekebishwe."

Mapokezi alilisoma neno la kwanza na machozi yakamjaa. Alipofika mwisho yalikuwa yamekauka kwa hasira. Miaka miwili. Vyumba kumi na viwili. Manyoya mia tatu na arobaini yamechorwa moja moja, na mtu anakwenda kutazama bomba. Nani hutazama bomba? Kuku yuko pale anatetemeka, roho mkononi, na mtu mzima anakagua mabomba! Alianza kumwandikia jibu, kali, lenye methali mbili, akafika katikati, akasita.

Akainuka, akaenda kwenye sinki la wagonjwa la kusukutulia, akapiga magoti, akafungua kabati la chini na kuingiza kichwa.

Daktari akatoka chumbani na glavu mkononi, akauliza kama kuna kinachovuja.

"Hapana, daktari," ikajibu sauti kutoka chini ya sinki, bado imevimba. "Kuna mtu amelitukana bomba langu. Natafuta pa kumjibia."

Akakaa humo muda mrefu kidogo, akiifuata ile kona ya bomba kwa kidole, mara mbili, mara tatu, akiiomba ibadilike. Kisha akatoka kinyumenyume, utando wa buibui kwenye nywele, akachukua penseli, na nyuma ya kadi ya mgonjwa aliyeahirisha akaanza kulichora upya.